Gari Lisilonguruma

Jumatatu, 3 Septemba

Wewe utakayeiokota shajara hii, nakusihi, hata neno moja lisikutoke. Ofisini wakijua ninayoyaandika, nimekwisha.

Asubuhi kupiga chapa barua, kisha chai. Gari la maonyesho la serikali limefika ofisini kwetu. Linatumia petroli na umeme. Likienda polepole halitoi sauti kabisa. Tangu biashara ya nje ifunguliwe kwa watu binafsi, kila mwenye uwezo anaagiza gari kuukuu linalofuka moshi. Serikali inataka watu waagize ya namna hii, na inasema itapunguza ushuru. Jumamosi tutalionyesha viwanja vya Mnazi Mmoja. Nimelitazama kupitia dirisha. Zuri. Naliogopa.

Jumanne, 4 Septemba

Mzee Omari, dereva wetu, amekataa kulishika. "Gari lisilonguruma lina mwenyewe hilo, jini," kasema, akamrudishia bosi ufunguo. Mwingine mwenye leseni ofisini ni mimi tu. Bosi anataka Jumamosi nilipitishe Kariakoo, taratibu, watu walione. Honi marufuku: eti ni gari la kistaarabu. Likipata mkwaruzo, nisahau ajira. Bado niko kwenye majaribio. Sijala.

Alhamisi, 6 Septemba

Mazoezi uani. Nimebonyeza kitufe cha kuwashia. Kimya. Nikabonyeza tena. Kimya. Kumbe liliwaka mara ya kwanza, nami nikalizima. Mzee Omari amecheka mpaka akakaa chini. "Lisalimie kwanza, mwanangu!" Nimekasirika. Kisha nikacheka na mimi. Hofu iko palepale.

Jumamosi, 8 Septemba

Furaha.

Kariakoo nilikwama mara tu nilipoingia. Hakuna aliyesikia, hakuna aliyepisha. Msukuma mkokoteni aligeuka, akakuta bampa magotini.

"We dada! Unatuua kimyakimya?"

Nikaomba radhi. Karibu nilie. Ndipo nikasikia vikombe vikigongana: muuza kahawa, na watu wanampisha bila hata kugeuka. Nikamwita.

"Kaka, panda. Ugonge vikombe dirishani."

"Nauli?"

"Bure."

"Basi hata Morogoro twende!"

Akaketi mbele, birika mapajani. Kili, kili, kili. Njia ikafunguka. Tatizo, wateja. Walitufuata na sarafu mkononi, wakidai na kashata. Mhindi mwenye duka la vitambaa alimiminiwa kikombe huku tunatembea.

"Jamani, serikali inauza kahawa!"

"Si kahawa, ni gari!" Nilipiga kelele. Mimi!

Wakaanza maswali. Linakula mafuta kiasi gani? Mvua ikinyesha, halipigi shoti? Nikajibu yote. Tukaingia Mnazi Mmoja na umati nyuma yetu.

Bosi alilizunguka gari, akilipapasa. Hakuna mkwaruzo. Kisha akamwona muuza kahawa ndani. Nikajua kazi sina.

"Imebaki?" akauliza.

Akanywa vikombe viwili.

Jumapili, 9 Septemba

Nimefua. Nimelala mchana, mlango wazi, upepo unaingia.

Bosi kasema barua ya ajira nitaikuta mezani kesho. Na kila Jumamosi nitalipitisha gari sokoni.

Ukitaka kupanda, usije ofisini. Simama kona ya soko asubuhi, uulize dada wa gari bubu. Muuza kahawa yeyote atakuonyesha.