Nimewaambia Wasimfungulie Mwanangu

Mpendwa Bi Ulfat, assalaam aleikum, na shikamoo kama umenizidi umri. Sisi huku Ng'ambo hatujambo, baba Yusra hajambo ila kifua, bibi yao Bi Time hajambo na kipindi chako cha ushauri redioni hakimpiti, kaka yao Ahmada na mkewe hawajambo, Yusra ndiye hayuko sawa na ndiye aliyenifanya nishike kalamu, naomba unisaidie.

Yusra binti yangu anasoma mita za maji majumbani, maana mita zetu ziko uani na mchana wanawake tuko vichwa wazi, mwanamme akipiga hodi haingii, yeye anafunguliwa na chai anapewa. Sasa kampuni yao imeleta mita mpya, wanasema ndio mji wa kisasa, mita inajisoma yenyewe na kupeleka hesabu ofisini kwa mtandao, na wakamtuma Yusra huyo huyo atangulie mbele ya mafundi awabembeleze wanawake wafungue, mtaa wa mwisho ukisha na kazi yake basi, kaambiwa usoni, na anakwenda! Nikamwambia mwanangu unajimaliza mwenyewe, akasema, "Mama, nisipokwenda mimi atakwenda mwengine."

Basi nikapita kwa Bi Nassra, kwa Zuleikha, kwa jirani mmoja mmoja, nikawaomba akija Yusra wajifanye wamelala, nikidhani mita zisipokwisha kuwekwa na kazi yake haitokwisha. Juzi kaja analia, bosi kamwambia watu washakuchoka, ukishindwa tena tunakutoa. Na kilichomuuma si bosi. "Mama, Bi Nassra nilimsikia anacheka ndani. Nimewakosea nini?" Nikamtilia chai, sikumwambia kuwa ni mimi. Nimwambie, au niwaambie tu wafungue yaishe? Nnaogopa atanihama. Nijibu upesi, kila asubuhi anatoka na mimi moyo hauko mahala pake.

Mama Yusra, Ng'ambo

Mama Yusra, wa aleikum salaam. Pole, lakini umekoroga. Ulidhani kampuni itarudisha mita zake kwa sababu Bi Nassra kajifanya kalala? Mwanao alikuwa na kitu kimoja ambacho mashine haina, kuaminiwa na wanawake, na hicho ndicho ulichomvunjia. Sasa wakimtoa watasema kashindwa yeye.

Mwambie leo, asije akasikia kwa Zuleikha. Kisha mfuatane nyumba kwa nyumba, useme kwa mdomo wako kwamba ni wewe. Aibu itakushika, wacha ikushike.

Na majirani wasifungue bure. Mita hizo zitaharibika, na fundi ataingia ua ule ule, mchana ule ule. Waseme sasa kwamba wanataka fundi mwanamke, na wamtaje Yusra kwa jina. Naye aombe kufundishwa ufundi wakati bado wanamhitaji. Wakimalizana naye hakuna atakayepokea simu yake. Sikuahidi kama watakubali. Wengi wameniandikia kuwa wamekataliwa.

Akikuuliza kwa nini ulifanya vile, usimwambie ni mapenzi. Mwambie uliogopa. Hilo atalielewa, maana naye anaogopa.