Kiboko cha Mkongeni

Kwa dada yangu Mwanaidi binti Mhando, Handeni.

Shikamoo, dada. Nakuamkia kutoka huku Makuyuni. Mgongo unaendeleaje? Mvua imenyesha, au mahindi yamekauka tena? Mimi ni mzima wa mwili, ila moyo umejaa kinyaa, na wa kumwambia ni wewe.

Uliniletea neno kwamba gari la moshi limeua misafara, basi nirudi nikae kama wazee wenzangu. Dada, nimeongoza wapagazi tangu sijaota ndevu. Mimi ndiye kirongozi: natangulia na bendera, watu nyuma wanaimba, na maji yaliko nayajua. Kazi ile niliipenda mno. Ilipokwisha nikabaki Korogwe, nikishinda karibu na stesheni nikipiga miayo na kusengenya wapita njia. Nilijichukia.

Ndipo Mdachi mmoja mwenye shamba la mkonge akaniita. "Wewe umezoea kuongoza watu. Uwe mnyapara."

Nikakubali, nikidhani nimepata heshima yangu tena. Asubuhi ya kwanza nikakabidhiwa kiboko. Kilikuwa na damu iliyokauka, na nzi juu yake.

Wa kwanza kulazwa chini alikuwa Mabula, Mnyamwezi aliyebeba pembe katika misafara yangu miaka mingi. Viganja vyake vilikuwa vimeoza kwa utomvu wa mkonge, kazi ya siku ikamshinda. Akainua uso.

"Kirongozi, ni wewe?"

Wanyapara wakacheka. "Piga, mzee! Au mkono umekufa?" Mmoja wao alikuwa anatafuna muwa, mate yanamchuruzika kidevuni.

Nikakitupa kiboko kwenye makapi ya mkonge, nikaondoka. Nyuma yangu nikasikia mwingine ameanza kumpiga. Nilipofika barabarani nikatapika.

Nikafunga mzigo nije kwako, dada, wallahi. Lakini hapa Makuyuni nikamkuta Mabula kando ya njia, midomo imepasuka kwa kiu. Shamba limemtupa, mikono haina faida tena. Nikamjengea kibanda. Kabla hajapata nafuu wakaja wengine waliotupwa kama yeye, wa makwao mbali, wagonjwa, hawajui kisima kilipo. Nawapikia uji, nawaosha vidonda, mwenye nguvu namsindikiza hadi penye maji. Wawili nimewazika. Usaha ule unanitia kichefuchefu, na walioutia wananitia zaidi. Ila nalala nimechoka kama zamani, na naamka nina pa kwenda.

Kwa hiyo sirudi, usinikasirikie. Nifinyangie mitungi miwili mikubwa, shemeji ailete.

Msalimie shemeji, mumeo. Msalimie mjomba, umwambie sijawa mwendawazimu. Wabusu wajukuu. Mabula naye anakuamkia: jana ameshika kata kwa mkono wake, akamnywesha mgonjwa aliyefika jioni.

Ni mimi mdogo wako,
Sefu bin Mhando