Ile Penati ya Busia

Jumatatu, 3 Machi

Nimeamka. Goti imekataa kukunja, nimeitukana, ikakunja. Uji imeungua kidogo. Nimekunywa hivyo hivyo.

Mwalimu Nafula wa chuo amekuja na simu ya kurekodi. Kile chuo chetu cha zamani ni yunivasiti sasa, wanataka historia ya timu zao. Mpira, mbio, netiboli, yote. Wazee wengine wamekufa, karatasi imeliwa na mchwa. Nimebaki mimi. Mungu ana akili.

Nimempa kila kitu. Vile wakimbiaji walikuwa wanapanda lile jiwe la Tororo, refu kama mlima, kila Jumamosi, na mimi mpishi wao nyuma, sufuria ya posho, ugali yao, kichwani, na bado nafika wa kwanza. Amecheka. Wacha acheke, simu imeshaandika.

Halafu nikampa ile kubwa. Fainali na chuo cha ng'ambo, Kenya. Uwanja wa Busia, matope mpaka kwa kifundo. Tunaongoza moja bila. Dakika ya mwisho, penati. Mimi si mwanafunzi, darasa ya kwanza sijaiona, herufi nimejifunza mzee. Lakini waliniweka golini kwa sababu mkono inayokoroga posho ya chuo nzima haiogopi mpira. Nikaruka. Mpira ikanipiga kifua, hapa kushoto, ikalala hapo kama mtoto ananyonya.

Watachora jina ya huyo kipa kwa ukuta, nyuma ya goli. Sherehe ni Jumamosi ya wiki ijayo. Nimemwambia waandike OWORA kubwa, ionekane mpaka Molo.

Alhamisi, 6 Machi

Siku mbaya.

Nafula amerudi na picha. Ameitoa kwa mjane wa kocha. Ni siku ile ile, mechi imeisha, timu imebeba kipa juu. Ana sweta ya kijani, mpira mikononi, matope mpaka kwa meno.

Huyo kipa ni Wandera.

Mimi niko chini, nimeshika mguu yake.

Nimecheka. Halafu nimeacha kucheka.

Makipa tulikuwa wawili, mimi na Wandera, Msamia wa Bulumbi, aliyekuja kuoa dada yangu Athieno. Sweta ilikuwa moja. Mmoja akichoka anavua, mwingine anavaa, refa hata hashtuki. Kwa hiyo picha inaonyesha tu sweta ilikuwa kwa nani mechi ikiisha. Penati je? Nimemwambia Nafula hivyo. Amesema, "Mzee, lakini ni yeye wamebeba."

Nimemwomba aniachie picha.

Miaka yote nahadithia hii kwa malwa, pombe yetu ya wimbi, mtungi katikati. Wandera yuko hapo hapo, mrija mdomoni. Hajawahi kusema hata "uongo". Kwa nini?

Ijumaa, 7 Machi

Nimekwenda Bulumbi. Wandera alikuwa anachambua maharage kama bibi arusi. Nimemwambia hivyo.

Nikamuuliza nani alishika ile penati.

"Si wewe, shemeji?"

Nikampa picha. Ameiangalia sana. "Huyu mzuri hivi ni nani? Kumbe ni mimi!" Halafu amenirudishia picha. Akasema anakumbuka akiniangalia nikiruka.

"Ulikuwa umesimama wapi ukiniangalia?"

"Hapo ndipo sijui."

Athieno alikuwa jikoni. Amepiga kelele kutoka huko: "Ile sweta niliifua mimi! Matope ilikuwa mbele na nyuma. Ya mbele ya nani, ya nyuma ya nani, sikuuliza. Na nyinyi wawili mlikuwa mnanuka sawa."

Shahidi ndiye huyo.

Nimerudi na maharage. Sielewi kitu.

Jumapili, 9 Machi

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nashika penati. Mara niko golini. Mara niko pembeni, nimeshika koti ya Wandera. Zote mbili naziona vizuri. Hata rangi ya koti naiona.

Labda nimehadithia mpaka ikawa yangu. Labda amesikiliza mpaka akasahau ni yake.

Naogopa. Kama hii si yangu, zile zingine je?

Jumatano, 12 Machi

Nafula amepiga simu. Mchoraji anakuja kesho, anataka jina moja. Wandera amemwambia aandike Owora. Huyo mjinga.

Nimesema, picha ni picha. Andika Wandera.

Imeniuma kama jino. Nimekata simu haraka nisibadilishe.

Jumamosi, 15 Machi

Watu walijaa. Wakimbiaji wa zamani wamekuja na fimbo zao. Mama mmoja wa netiboli bado anarusha mpira vizuri kuliko hawa watoto.

Ukuta ni mweupe. WANDERA, kwa rangi ya buluu. Nimesoma herufi moja moja. Ni jina refu, imekula rangi yao.

Wamempa maikrofoni ahadithie. Wandera amesimama na suti ya mazishi. Amesema, "Mpira ilikuja. Nikashika." Akakaa.

Watu wanaangaliana. Hadithi gani hiyo? Hata kuku anahadithia zaidi.

Ameniangalia. Akaninyooshea maikrofoni kama mtu anaomba maji.

Basi nikasimama. Nimewapa matope, nimewapa refa, nimewapa yule Mkenya mpiga penati na miguu yake kama mchi. Safari hii nimesema, "Wandera akaruka." Ilitoka vizuri. Watu wamepiga kelele kama goli ni ya leo. Wamembeba tena juu, suti na yote, na mimi nikajikuta chini, nimeshika mguu yake.

Hapo nimesimama nikafikiri, kumbe ilikuwa hivi.

Lakini niliposema mpira imempiga kifua, yangu ndiyo iliuma.

Jumapili, 16 Machi

Mvua asubuhi. Jioni tumeketi kwa malwa, mimi na Wandera na wale wa kila siku.

Mmoja amesema, Jadwong, mzee wetu, tupe ile ya penati. Nimevuta mrija tu. Wameshangaa, wakauliza kama naumwa.

Wandera ameondoa mrija mdomoni. Ameanza yeye, polepole, vibaya, amesahau hata refa. Akafika kwa penati. Akasema, "Owora akaruka."

Hakuniangalia. Sikumuuliza.

Nimeongeza maji ya moto kwa mtungi. Tumekunywa.

Nimefika nyumbani. Kifua bado inauma, hapa kushoto. Nimeipaka dawa ya vikisi.