Bomba la Paani

Baba Neema wangu,

Leo nimemweleza mama yako ukweli, na wewe nakuandikia.

Unakumbuka ile mashine ya kupiga picha kwa sumaku ilipoletwa hospitalini kwetu Moshi, mtumba kutoka Ulaya? Wewe fundi, mimi muuguzi. Ulinieleza tukila nyumbani kwetu, mtaa wa Soweto, kwamba ndani yake mna heliamu, gesi iliyopozwa hadi ikawa maji, baridi kuliko barafu yoyote. Ikichemka ghafla, gesi sharti itoke kwa bomba hadi juu ya paa. "Bomba likiziba, gesi inajaa chumbani na kufukuza hewa. Mtu anazimika bila hata kukohoa."

Jumamosi ile ulitaka kupanda paani. Mafundi wa bati walikuwa wamemaliza kazi, ukahofia wamefunika mdomo wa bomba. Mimi ndiye niliyesema, "Mama anatusubiri Marangu, kahawa inadondoka. Utapanda Jumatatu." Ukachukua kikapu tukaondoka.

Jumatatu asubuhi, ukiwa bado unatafuta ngazi, mashine ilinguruma. Ukungu mweupe ukajaa chumbani, na mgonjwa alikuwa mle, mama wa makamo. Mlango ule wa kufungukia ndani uligoma. Gesi ilikuwa imeukandamiza. Ukavunja dirisha kwa kiti, ukaingia. Ukamnyanyua, ukanipitishia dirishani.

"Mpokee," ulisema, kwa sauti nyembamba kama ya mtoto. Gesi ilikuwa imeshakuingia. Hilo ndilo neno lako la mwisho, na hata sauti haikuwa yako. Nilipomlaza yule mama sakafuni na kugeuka, hukuwa umesimama tena.

Yeye alipona. Juu ya bomba walikuta bati limepigiliwa misumari.

Miaka yote hii mama yako amewalaani wale mafundi, nami nikiitikia. Leo tulikuwa Marangu kihambani kwake, kwenye shamba lake la migomba, tunamenya ndizi, nikashindwa kuitikia. Nikamwambia yote. Akaweka kisu chini.

"Kwa hiyo mwanangu alijua."

"Alijua, mama. Mimi ndiye niliyemzuia."

Akaingia ndani, akafunga mlango. Mimi na Neema tulikaa uani mpaka gari la mwisho la kushuka mjini. Neema alibisha hodi amuage bibi yake. Hakuitikiwa.

Sikuombi unitetee, maana huwezi. Jumapili nitapanda tena Marangu, na asipofungua nitakaa hapo nje.

Pumzika, mume wangu.

Mkeo,
Mama Neema