Magunia Uliyoyafungua, Cucu

Cucu,

Kuna jambo sijawahi kumwambia mtu, hata Mama. Kila Ijumaa wenzangu wa gazeti la ukutani wakienda kula, mimi nilibaki darasani nikibadilisha makala zao. Wao walidhani ninazinakili tu kwa mwandiko mmoja ili gazeti lipendeze. Hawakujua ninafuta sentensi zao na kuweka zangu. Karatasi zao nilizificha ndani ya kamusi. Nilikuwa kiongozi wao na sikutaka Mwalimu awaaibishe.

Ni wewe, nyanya yangu, uliyenifundisha.

Unakumbuka nyuma ya kituo cha kununulia majani chai? Wanawake wa kikundi chako waliacha magunia kwenye foleni, wakaenda kuota jua na kucheka. Wewe ulinivuta mkono, tukafungua gunia moja baada ya lingine, tukatoa majani magumu kabla hayajamwagwa mezani karani ayakague. "Majani mawili na chipukizi," ulininong'oneza, "na huo mdomo ufunge." Yale magumu uliyafunga kwenye leso, ukayatupa mtaroni tukirudi nyumbani. Gunia la kikundi chako halikuwahi kurudishwa. Mimi ndiye niliyepewa jina lako, kwa hiyo kila mtu aliniita Cucu, na nilidhani uongozi umekuja pamoja na jina.

Ulipofariki nilikaa nyumbani wiki nzima. Niliporudi shuleni nilisoma ukutani kwamba mwenyekiti wa gazeti ni Wanja. Wanja, ninayekaa naye dawati moja tangu kidato cha kwanza. Walikutana na Mwalimu wakapiga kura siku ileile tuliyokuzika. Hakuna aliyeniambia. Nilisoma kama mgeni.

Nilimuuliza kwa nini. Alisema bila kuniangalia, "Wewe hukuwa unatuongoza, Cucu. Ulikuwa unatuandikia." Wengine wakacheka, na mmoja akasema, "Pole, mheshimiwa."

Unajua Wanja anakaa kwa shangazi yake hapa Kibugu. Mamake anauza ndengu sokoni Siakago, kule chini kwenye joto. Wanja alikuwa ameandika makala juu yake, na mamake akapanda huku juu kuja kuisoma. Alisoma mpaka mwisho, akamuuliza mwanawe, "Na hii ni ya nani?" Nilikuwa nimefuta pale mama anapojipepea na kipande cha katoni huku akiwatania wateja. Niliona si Kiswahili kizuri. Nikaweka "mama yangu ni mwenye bidii".

Hata hivyo nililia kwa hasira. Nilijiambia, Cucu angekuwa hai angejua nilikuwa nawasitiri. Wangeningoja nikuzike kwanza.

Halafu Jumamosi nilimsindikiza Mama kituoni. Mama Murimi, rafiki yako wa kikundi uliyekuwa ukikaa naye benchi moja kanisani, alimwaga majani yake mezani na karani akamrudishia karibu nusu. Mama anasema ni mara ya tatu tangu uondoke. Nilimsaidia kuyaokota, na kwa vile nilimhurumia nikaanza kumwambia siri yetu. Hakuniacha nimalize.

"Tulijua, Cucu. Mimi nilikuwa nafunga gunia mafundo mawili, nakuja nalikuta na moja. Ningesema nini? Alikuwa mkubwa wetu." Akakung'uta leso yake. "Angenionyesha tu mara moja. Sasa mimi nimezeeka na sijui karani anakataa nini."

Cucu, nilikukasirikia. Sijawahi kukukasirikia hata siku moja, na sasa huwezi kunijibu. Uliniambia nifunge mdomo, nikaufunga, nikawapoteza wenzangu wote sita. Ulijua kwamba wanajua? Ulikuwa unamsaidia Mama Murimi, au ulipenda tu kusikia kwamba gunia la kikundi chako halirudishwi? Nauliza hivyo kwa sababu mimi nilipenda. Mwalimu akisifu gazeti nilikuwa natazama chini, lakini nilipenda.

Wanja naye sijamsamehe ile siku aliyochagua. Angeniambia usoni, hata kwa ukali. Sijui kama nitamsamehe.

Lala, Cucu. Jina lako nitalibeba. Lakini nakuahidi, gunia la mtu sitalifungua tena kama hayupo. Nikiona jani gumu nitamwonyesha, hata kama sauti yangu itatetemeka, na unajua inavyotetemeka.

Naongeza haya leo Jumatatu. Kabla ya kengele ya chakula nilisimama mbele ya wote sita nikasema nilichokuwa nafanya kila Ijumaa. Nilisema kwa sauti ndogo, mmoja akaniambia nirudie, nikarudia. Kisha nilibandua ile makala niliyoibadilisha, nikatoa karatasi ya Wanja kwenye kamusi, nikampa. Niligusa mstari mmoja nikamwambia, "Hapa kuna kosa." Alichukua penseli akalirekebisha mwenyewe. Kulikuwa na mengine mawili. Nikamwonyesha nayo. Moja alilirekebisha. La pili, la mama na katoni, alisema, "Hilo liache." Nikaliacha. Alibandika karatasi yake ukutani kwa mwandiko wake uliopinda, mimi nikamshikia pini. Nilienda kupanga foleni ya githeri pamoja na wengine.