Bango Linalosubiri Rangi ya Pili

Baba watoto,

Nimemkimbiza mbwa kwa daktari wa mifugo. Asubuhi alifuatana na mapacha kijitoni, akalamba ule utando wa kijani kana kwamba ni maziwa, akarudi anayumba na kutapika. Kwenye simu daktari kasema huo mwani una sumu, nisipoteze hata dakika.

Mapacha maji yaliwaishia magotini. Nimewaogesha kwa sabuni na maji ya bomba. Wakilalamika tumbo au ngozi, zahanati mara moja. Vile visamaki vyao kwenye ndoo tupa, na usinichemshie ujanja: sumu hii haiishi kwa moto.

Sasa wewe, fundi mabango. “HATARI: USIOGE, USINYWE” umeiandika vizuri kuliko kadi yetu ya harusi, halafu wiki nzima bango limeegemea ukuta wa choo likisubiri rangi ya pili. Wameonywa wanaokwenda haja tu!

Wanafunzi wanatoka saa saba, na kwa joto hili watapitiliza kijitoni kuoga. Bango liwakute limesimama. Rangi ya pili utalipaka huko huko.

~~Chakula jipikie.~~ Chakula kiko jikoni, kimefunikwa. Ule ukitoka kijitoni, siyo kabla.

Mama watoto