TV Niliyompa Mama Rose

Jumapili jioni, mwisho wa Agosti 1996. Kawangware 56.

Baridi ya leo haina adabu. Manyunyu tangu asubuhi, matope mpaka mlangoni, na mimi nimekaa kitandani na leso mabegani nikiandika kabla giza halijaingia vizuri. Achieng amelala tayari. Tumetembea sana leo, na miguu ya mtoto wa miaka tisa ina kipimo chake. Kesho asubuhi natakiwa kumpandisha basi arudi ushago, kijijini kwa dani yake, yaani mama yangu, kwa sababu shule zinafunguliwa.

Sitaki.

Nimeiandika upesi kabla sijajionea haya. Sitaki mtoto wangu aende. Miaka miwili amekaa huko, na hii ndiyo likizo ya kwanza nimeweza kumleta Nairobi. Wiki tatu zimepita kama chai ya mafundi, unageuka kutafuta kikombe, birika ni tupu.

Daftari, wewe unanijua. Mimi ni mtu wa mjengo. Mahali wanajenga ghorofa, mimi niko hapo nje ya mabati na sufuria zangu: chai asubuhi, ugali na maharagwe saa saba. Mjengo ukiisha mafundi wanahama na mimi nahama, maana mpishi akibaki nyuma atampikia nani? Tangu nije Nairobi nimehama mara nne. Nimejifunza kuishi na vitu vinavyoingia mkokoteni mmoja, safari moja. Kitanda, godoro, jiko, sufuria tatu, boksi la nguo, basi. Wanawake wengine wanashindana na makabati ya vioo. Mimi najisifu kwamba naweza kuhama asubuhi na saa saba nikapika kama kawaida. Mdomo ninao, hata hapa kwenye karatasi.

Lakini kule Kisumu Ndogo, Kibera, nilikokaa kabla ya hapa, nilikuwa na TV.

Ilikuwa ndogo, ya nyeusi na nyeupe, niliinunua zamu yangu ya kupokea pesa za chama ilipofika. Hatukuwa na stima, kwa hivyo ilikuwa inakula betri ya gari. Betri ikiisha unaibeba mpaka kwa yule jamaa wa kuchaji, kesho yake unaifuata. Gauni langu la kanisa lina tundu mpaka leo kwa sababu ya ile asidi. Chaji ikianza kupungua, picha ilikuwa inasinyaa kutoka pande zote, msoma habari anabaki mdogo kama kiberiti, na watoto wa ploti nzima wanazidi kusogea mbele mpaka vichwa vinagongana. Hapo ugomvi unaanza. Wengine wanataka tuzime tubakishe chaji ya kesho, wengine wanasema kesho ni ya Mungu.

Ukweli ni kwamba mimi sikuitazama sana. Kazi yangu ilikuwa nje. Antena tuliifunga juu ya mti mrefu uliosimikwa kando ya mlango, na upepo ukivuma kidogo tu inageuka. Nilikuwa natoka, nashika ule mti, nauzungusha pole pole, na Achieng akiwa ndani ananiitia kupitia mabati: "Bado! Bado! Umepita, rudisha! Hapo! Hapo hapo mama, usiachilie!" Nami nasimama hapo nimeshika mti, vumbi machoni, siachilii. Watu wakipita wananicheka. Wacha wacheke.

Hiyo sauti ndiyo ninayoikosa. Vipindi sikumbuki hata kimoja.

Kisha mjengo wa karibu na Kibera ukaisha, msimamizi akaniambia kazi imehamia huku Kawangware. Chumba nilichopata kilikuwa cha kulala tu, na mwenye ploti ana sheria: stima ni ya taa peke yake. Pasi hataki, TV hataki kusikia. Na mtoto je? Saa kumi na moja asubuhi mimi niko motoni na mafundi. Kule Kisumu Ndogo jirani yangu Mama Rose ndiye alikuwa anamwamsha Achieng na kumpeleka shule pamoja na wake. Huku simjui mtu. Nikampa Mama Rose TV na betri yake, kama shukrani. Achieng nikampeleka kwa dani. Yote ilikuwa wiki moja.

Nikiri jambo ambalo sijawahi kumwambia hata mchungaji. Basi lilipoondoka na Achieng dirishani akinipungia mkono, nililia, ndiyo. Lakini nilipofika nyumbani nilijihisi mwepesi. Nililala usingizi mzuri. Kesho yake nilipika nikiimba.

Haki ya Mungu, nilipika nikiimba.

Sasa wiki tatu zilizopita alifika, amekuwa mrefu, meno ya mbele yameota makubwa. Hata viatu hajavua, akaangalia chumba chote, haikuchukua muda maana chumba chenyewe ni hiki, akaniuliza, "Mama, TV yetu iko wapi?" Nikamwambia nilimpa Mama Rose. Akasema, "Sawa." Hakuuliza tena.

Lakini mimi lile swali liliniingia. Na kuna jambo lingine lililoniumiza zaidi. Mtoto wangu amekuwa mgeni. Anaomba ruhusa kunywa maji. Asubuhi anakunja blanketi lake analiweka karibu na mlango, vizuri sana, kama mtu asiyetaka kusumbua wenyeji. Nikimpa chakula anasema asante mama na kuinamisha kichwa. Dani amemfunza heshima, sawa, lakini yule Achieng wa kunifokea nje kwenye upepo alienda wapi? Nilimtafuta wiki ya kwanza, nikamtafuta ya pili. Nikaamua kwamba anachokosa ni TV. Nikawaza, TV ikirudi na Achieng atarudi, na Desemba atadai mwenyewe kuja kwa mama yake.

Basi nikamwendea mwenye ploti. Nilimbembeleza kama mtu anayetafuta mchumba. Akanisomea hotuba ndefu kuhusu wapangaji na stima, mwishowe akakubali, TV moja, ndogo, na nisimwambie mpangaji mwingine.

Leo baada ya kanisa tukashika njia, mimi na Achieng, kwa miguu mpaka Kisumu Ndogo. Achieng sikumwambia tunafuata nini. Nilitaka afurahi ghafla. Mfukoni nilikuwa na shuka ya kufungia TV mgongoni, kama mtoto.

Mama Rose alikuwa anakaanga omena mlangoni. "Yawa! Mama Achieng! Kumbe bado uko hai, na unanona hivyo?" Akamshika Achieng akamzungusha, akampima urefu na mwanawe, akatuingiza ndani. Ndani kulikuwa na watoto kumi na zaidi wamejipanga sakafuni. Sheria za Mama Rose ni kali kuliko zangu, hakuna kuingia kabla ya kuosha miguu, kuna beseni mlangoni. Kwaya ya Jumapili ilikuwa inaimba, na TV yangu iko juu ya kabati, imefunikwa kitambaa cha kushona kwa mkono chenye maua. Mimi sikuwahi kuishonea hata uzi. Nilipoiona imependeza hivyo niliona wivu, na ni TV tu.

Upepo ukavuma, picha ikaanza kuruka. Kabla mtu hajainuka mimi nilikuwa nje tayari, mkono kwenye mti. Mazoea. Nikazungusha, nikangoja sauti. Ikaja: "Bado, auntie! Bado! Hapo!" Ilikuwa ya kitindamimba wa Mama Rose. Sauti nzuri, ya nguvu. Nikasimama nimeshika ule mti, nikijiambia, mwanamke, una kichaa? Nilipogeuka Achieng alikuwa nyuma yangu. Alikuwa ametoka kunifuata na kuacha kwaya na kila kitu, na yeye pia ameshika mti, chini ya mkono wangu.

Sikuelewa. Mimi huelewa vitu vikishapita.

Tukaingia, nikanywa chai, kisha nikamvuta Mama Rose pembeni nikamwambia shida yangu. Kumwomba mtu kitu ulichompa mwenyewe ni aibu, na kwa kimombo cha kanisani au kwa Kijaluo hakuna namna nzuri ya kuisema.  Mama Rose akafuta mikono kwa kanga, akasema, "Ichukue, dada. Si ni yako." Na alisema kwa moyo mweupe, namjua. Lakini chumba kizima kilisikia. Wale watoto wakageuka wote kuniangalia, miguu yao safi.

Nikashindwa. Nikasema nilikuwa natania. Mama Rose akacheka kwa nguvu zaidi ya ule utani, akanifungia omena kwenye gazeti.

Njiani kurudi nilikuwa na hasira, zaidi na mimi mwenyewe. Tulipofika barabara ya Ngong nikaanza kumwahidi Achieng vitu. Nikamwambia Desemba atanikuta na TV mpya, kubwa kuliko ile, hata ya rangi. Pesa ya TV ya rangi nitaitoa wapi, Mungu ndiye ajuaye, lakini mdomo ulikuwa umeshaondoka.

Achieng akasema, "Mimi sitaki TV, mama."

Nikamuuliza, "Sasa si siku ya kwanza uliniuliza iko wapi?"

Akatembea kidogo akiruka madimbwi. Kisha akaniambia, pole pole, bila hasira hata chembe, kama mtu anayeuliza njia: "Ulipohama ulimpatia Mama Rose TV, ukampatia dani mimi. Nilitaka tu kujua kama TV ilirudi."

Nilisimama katikati ya matope. Nikamwambia si hivyo, nikamwambia wewe si kitu, wewe ni mtoto wangu, mtu hapeani mtoto, nilikupeleka usome vizuri, upate maziwa ya ng'ombe wa dani. Maneno mengi! Akasema, "Sawa, mama." Ile sawa yake.

Tulipofika nyumbani nilimpa uji, akalala hata kabla ya kuumaliza. Nikakuchukua wewe daftari, nikafungua nyuma mpaka mwezi ule niliotoka Kisumu Ndogo. Nilitaka kuona nilivyoandika siku ile, nijihakikishie kwamba mtoto amenielewa vibaya. Nilijua niliandika. Mimi huandika kila kitu kabla mkokoteni haujaja, nini kinaenda, nini kinabaki, na kwa nani.

Imo humu kwa mwandiko wangu. TV na betri, Mama Rose. Meza, yule mzee wa kinyozi. Achieng, dani. Ndoo kubwa, Mama Rose.

Kati ya meza na ndoo.

Nimelia bila sauti, mkono mdomoni, asiamke. Nilijidanganya kwamba mimi ni mtu wa kuishi kirahisi, mtu wa vitu vichache, na kumbe nilipokuwa napunguza mzigo sikuangalia nimeshika nini kabla ya kukitupa. TV inaweza kukaa kwa mtu. Imekaa vizuri, imeshonewa kitambaa, watoto wa watu wanaosha miguu kwa ajili yake. Hiyo Mungu aibariki ibaki hapo hapo.

Nilipoinuka kuwasha taa niliona mfuko wake kando ya mlango. Ameshaupanga mwenyewe, sijui saa ngapi, labda asubuhi kabla ya kanisa. Sare imekunjwa juu, viatu vimefungwa kwa karatasi, na kikombe chake kimeingizwa ndani ya kiatu kisichukue nafasi. Nani alimfundisha kupanga mfuko hivyo? Si mimi huyu.

Nimeutoa mfuko wote. Nguo zake nimezitundika kwenye misumari yangu miwili, za kwangu nimerudisha kwenye boksi. Nani atamwamsha asubuhi mimi nikiwa mjengo, sijui. Kuna shule hapa karibu, kama watampokea, sijui. Msimamizi amesema mjengo huu ukiisha Novemba tunahamia mbali, upande wa Athi River, na huko sijui niende au niseme basi, nitafute kibanda cha chapati hapa hapa 56. Yote hayo sijui na yananitisha. Mama yangu atakasirika, amezoea kuwa na mtu wa kuongea naye jioni. Nitaenda kumwomba msamaha nikiwa nimepiga magoti, lakini mtoto simrudishi.

Kesho nitaenda stesheni ya mabasi mapema kabla ya chai ya mafundi, kwa sababu dani atakuwa amesimama stendi ya huko tangu saa tisa akimngoja, na hana simu. Nitampa kondakta barua. Akiona basi limefika bila mtoto ataogopa, kwa hivyo nimeiandika fupi, maana anayesomewa barua na kondakta mlangoni mwa basi hana muda wa kusikia hadithi. Nimeichana kutoka kwako, daftari, karatasi ya katikati.

"Mama, Achieng haji. Si mgonjwa. Ni mimi nimemtaka."